Nuru na Giza: Deni la Mchoraji kwa Wacheza Densi wa Paris

Swali linalochunguzwa katika makala haya ni la kimaadili kabla halijawa la kisanaa. Mtu anapomchora mwenzake, na mchoro ukaishi kuliko wote wawili, je, mchoraji anadaiwa nini na yule aliyemchora? Sisi wahakiki wa fasihi tumezoea kulikwepa swali hili kwa kuwa wahusika wetu aghalabu ni wa kubuni, na mhusika wa riwaya hawezi kumshtaki mwandishi. Katika uchoraji, hata hivyo, kuna tawi zima ambamo mhusika alikuwa na jina, na mama, na kodi ya nyumba ya kulipa. Tawi hilo ni la michoro ya wanawake waliocheza densi katika kumbi za usiku za Paris katika nusu ya pili ya karne ya 19. Maswali ambayo kwa kawaida huulizwa juu ya michoro hiyo ni mawili, na yote mawili hutupeleka kando. La kwanza lilikuwa la walinzi wa maadili wa wakati ule: je, densi ile ilikuwa aibu? La pili ni la wapenzi wa sanaa wa nyakati zote: je, mstari wa mchoraji ni mzuri? Swali la kwanza humhukumu mwanamke. La pili humsahau. Sisi tutamwita mchorwa, na tutajaribu kumtazama kama mtu ambaye ana haki fulani ndani ya mchoro.

Tuanze na bango linalojulikana kuliko yote. Ukumbi wa Moulin Rouge ulifunguliwa mjini Paris mnamo Oktoba 1889, na mwaka 1891 wenyewe walimwagiza Henri de Toulouse-Lautrec, aliyekuwa na umri wa miaka 26, awachoree bango la kuutangaza. Nakala zipatazo 3,000 zilichapwa kwa njia ya litografia, yaani kwa kuchora juu ya jiwe na kulipiga chapa, kisha zikabandikwa kwenye kuta za jiji. Katikati ya bango yumo mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu, blauzi nyekundu yenye madoadoa meupe, na marinda meupe yaliyopeperuka huku mguu mmoja ukiwa hewani. Huyo ni Louise Weber, binti wa mfua nguo, ambaye jiji zima lilimwita La Goulue, yaani Mlafi, kwa tabia aliyosingiziwa au aliyokuwa nayo kweli ya kumaliza vinywaji katika bilauri za wateja. Mbele yake, kama kivuli kirefu cha kijivu, yumo mwenzake wa densi, Valentin le Désossé. Nyuma yao ni ukuta wa watazamaji: kofia ndefu, mabega, kofia za kike zenye manyoya, vyote vikiwa vyeusi tititi, bila jicho wala mdomo hata mmoja.

Uhakiki wa kimuundo utatuambia kwamba weusi ule ni mbinu iliyoazimwa kwenye chapa za Kijapani, na kwamba unamfanya mwanamke ang'ae. Hilo ni kweli, na hatuna ugomvi nalo. Lakini tukiuliza weusi ule unamfanyia nini anayefunikwa nao, jibu linabadilika. Wale wenye kofia ndefu ni waungwana waliolipa kiingilio. Baadhi yao walikuwa na wake nyumbani, na ofisi zilizowangoja asubuhi. Mchoro umewaona na umewasitiri. La Goulue hakusitiriwa. Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, na mguu wake umebandikwa kwenye kuta mbele ya kila mpita njia. Katika mapokeo mengi ya fikra, ya Ulaya na ya kwetu, nuru ni heri na giza ni shari. Katika bango hili mambo yamepinduka: giza ndilo fadhila, nalo limegawiwa waliolipa. Nuru imemwangukia aliyelipwa.

Mgawanyo huu haukuanza na Toulouse-Lautrec. Mwaka 1863 mshairi Charles Baudelaire alichapisha insha mashuhuri juu ya mchoraji wa maisha ya kisasa, na mchoraji aliyemkusudia alikuwa Constantin Guys, bingwa wa kuchora kwa wino na rangi za maji mitaa, magari ya farasi, kumbi za densi na wanawake waliokuwa wakizitembelea. Guys hakupenda jina lake litajwe, na Baudelaire aliiheshimu haya hiyo kwa kumwita Bwana G. kutoka mwanzo hadi mwisho. Insha hii imefunzwa vyuoni kwa muda mrefu kama chimbuko la dhana ya usasa, na mara chache mwalimu hutua kwenye jambo hili dogo. Mtazamaji aliomba asijulikane, akakubaliwa. Wale aliowatazama hawakuulizwa. Wamo katika michoro yake kwa makumi, bila majina, wakiwa wameingizwa katika kundi ambalo insha yenyewe inaliweka kati ya pambo na dhambi. Kwa hiyo kutotajwa kunaweza kuwa mambo mawili yasiyolingana kabisa: kwa mmoja ni adabu anayotendewa, kwa mwingine ni kufutwa.

Na wale waliotajwa walitajwaje? Wenzake La Goulue katika kadirili, ile densi ya watu wanne wanne iliyowapa umaarufu, waliitwa Grille d'Égout, yaani Wavu wa Mtaro wa Maji Machafu, na Nini Pattes-en-l'air, yaani Nini Miguu Juu. Majina ya jukwaani yapo kila mahali, na si kila moja ni tusi. Waimbaji wetu wa taarabu nao wamekuwa na lakabu zao. Hata hivyo lakabu inayotokana na meno ya mtu, au na kiungo anachokirusha, humpunguza mwenye jina hata akabaki kiungo hicho. Mchoraji aliyelipokea jina hilo na kulichora kwa herufi alikuwa tayari amelipokea nusu ya wazo.

Inafaa kukumbuka pia kwamba suala la nani angeweza kuwa mtazamaji halikuwa la kipaji tu. Griselda Pollock alionyesha mwaka 1988 kwamba ramani ya Paris ya wachoraji wa kiume na ile ya wachoraji wa kike wa tabaka lao hazikufanana: Berthe Morisot alichora sebule, bustani na roshani kwa sababu mwanamke wa heshima hangeweza kuingia ukumbi wa usiku na kitabu cha michoro, akatoka na heshima yake. Kwa hiyo mwanamke wa usiku tunamjua karibu wote kupitia mkono wa mwanamume aliyekuwa na ruhusa ya kurudi nyumbani bila kuulizwa alikotoka.

Kiswahili chenyewe hakitusaidii sana katika kulifikiria jambo hili. Kitenzi chetu "kucheza" hubeba densi, kandanda na utundu wa mtoto kwa pamoja. Anayesema kwamba Louise Weber "alicheza" Moulin Rouge amekwisha kusema, bila kukusudia, kwamba hakuwa kazini. Neno "ngoma" lina uzito zaidi, lakini ngoma humtaka kila aliyefika awe mshiriki kwa namna fulani, hata kama ni kwa kupiga makofi. Moulin Rouge ilifanana na ngoma kwa sura tu. Wacheza densi wa kulipwa walicheza sakafuni, si jukwaani, na watu wakawazunguka kwa duara. Ndani ya duara hilo, hata hivyo, mmoja alikuwa kazini na wengine walikuwa wamemaliza kazi zao.

Hapa ndipo ubora wa mchoraji unapoanza kupimika kimaadili. Je, mchoro unaonyesha kwamba ile ilikuwa kazi? Edgar Degas, ambaye alishinda zaidi katika Opera kuliko katika kumbi za Montmartre, alichora wanabaleti wakipiga miayo, wakijikuna mgongo, wakisugua vifundo vya miguu; na pembeni mara nyingi yumo bwana mwenye suti nyeusi, mmoja wa wale waliolipia tikiti za msimu na kupewa ruhusa ya kuingia nyuma ya jukwaa. Degas hakuwa mtu wa huruma, na maneno yake juu ya wanawake yanajulikana kuwa makali. Lakini uchovu aliuona, na uchovu ni ushahidi wa kazi. Georges Seurat katika picha yake ya Le Chahut, ya 1889 na 1890, alikwenda njia nyingine: miguu ya wachezaji imepangwa sambamba kama pistoni za mashine, na tabasamu zote zimekunjwa kwa pembe moja. Wapo wanaoisoma kama dhihaka juu ya starehe iliyogeuzwa kiwanda. Yawezekana. Tatizo ni kwamba dhihaka hiyo haimwachi mfanyakazi yeyote ndani ya kiwanda.

Mtu atapinga kwamba tunawahurumia wanawake ambao hawakuomba kuhurumiwa. Pingamizi hili ni zito na halipaswi kupitwa haraka. Nuru ile tuliyoiita mzigo wao waliitafuta. Umaarufu ulikuwa mtaji wao, na bango lilikuwa njia ya kuuongeza. Mfano ulio wazi ni Jane Avril. Alizaliwa Paris mwaka 1868 kwa jina la Jeanne Beaudon, akateswa na mama yake, na mwaka 1882 akalazwa katika hospitali ya Salpêtrière, kwa Dakta Jean-Martin Charcot, kutokana na ugonjwa wa kutetemeka viungo. Hospitali hiyo ilikuwa na mazoea ya kuwaonyesha wagonjwa wa kike mbele ya hadhira na kuwapiga picha. Mwenzake Charcot, Paul Richer, alikuwa daktari na mchoraji, na michoro yake ya wanawake waliopinda migongo kwa kifafa cha histeria ilichapishwa mwaka 1881. Katika dansi iliyoandaliwa humo kwa ajili ya wagonjwa, Avril, kwa masimulizi yake mwenyewe, aligundua kwamba angeweza kucheza. Mwendo wa mwili wake, kwa hiyo, ulitazamwa mara mbili, kwanza kama dalili na baadaye kama sanaa, na yeye peke yake ndiye aliyejua palipokuwa na mpaka. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa na mhakiki kwamba hakujua maana ya kutazamwa.

Alipokwenda London mwaka 1896 pamoja na kikundi cha Mademoiselle Églantine, Avril mwenyewe alimwandikia Toulouse-Lautrec akimwomba bango. Bango hilo lina wanawake wanne waliopangana kwa safu, miguu meusi kwa meupe, na Avril yuko mwisho wa safu, akipishana kidogo na mwendo wa wenzake. Mhakiki anayemwita "mhanga wa jicho la kiume" baada ya kuisoma barua ile anamnyamazisha mara ya pili, na sasa kwa jina la kumtetea. Nadharia ya jicho la mtazamaji, iliyopewa nguvu na makala ya Laura Mulvey kuhusu filamu ya mwaka 1975, ni chombo kizuri. Ila inapotumiwa kama panga, hukata hata mkono wa aliyeagiza picha.

Lakini kukubali si jambo jepesi kama saini. Yvette Guilbert, mwimbaji na si mcheza densi, alimsihi Toulouse-Lautrec asimchore akiwa na sura mbaya kiasi kile; mama yake alitaka mchoraji ashtakiwe. Hata hivyo albamu ya michoro 16 ilitoka mwaka 1894 pamoja na maandishi ya Gustave Geffroy, nakala 100 tu, na Guilbert akazitia saini zote. Je, aliridhika, au alihesabu faida? Pengine yote mawili. Alichokidai lakini kilikuwa urembo, na urembo sio haki tunayoitafuta. Picha inaweza kumpamba mtu hadi akapotea, kama zinavyofanya picha nyingi za harusi.

Haki hiyo, kwa maoni yetu, inaonekana katika michoro mitatu ya Jane Avril ambayo yote haina densi. Katika mmoja, wa mwaka 1892 hivi, ambao umo katika jumba la Courtauld mjini London, Avril yuko mlangoni pa Moulin Rouge akivaa glavu. Alikuwa na umri wa miaka 24 na uso ni wa mtu mzima kuliko hivyo; anawaza mambo yasiyotuhusu. Katika bango la Divan Japonais la mwaka 1893 amekaa mbele kabisa, mweusi kuanzia kofia hadi sketi, na safari hii yeye ndiye mtazamaji. Kule jukwaani yuko Guilbert, anayetambulika kwa glavu zake ndefu nyeusi tu, kwa kuwa fremu imemkata kichwa. Yule aliyezoea nuru amepewa giza, ile stara ambayo katika bango la 1891 ilikuwa ya mabwana wa kofia ndefu. Mchoro wa tatu ndio unaotugusa zaidi. Ni jalada la mkusanyiko uitwao L'Estampe originale, wa mwaka huo huo wa 1893. Tumo katika karakana ya uchapaji ya Ancourt. Nyuma, mzee Cotelle amejikunja juu ya mashine. Mbele yake amesimama Jane Avril katika joho lake, ameshika karatasi iliyotoka kuchapwa, anaichunguza. Sisi hatuoni kilichochorwa juu yake. Mcheza densi yumo mahali picha zinapozaliwa, amesimama upande wa wanaohukumu, na kitu anachokitazama kimezuiwa macho yetu. Hapa mchorwa amekuwa mhakiki.

Tukilinganisha na yaliyompata Louise Weber, tofauti inauma. Mwaka 1895 aliiacha Moulin Rouge akafungua kibanda chake mwenyewe katika maonyesho ya Foire du Trône. Mnamo Aprili alimwandikia mchoraji akimwomba mapambo ya kibanda, na Toulouse-Lautrec akamchorea turubai mbili kubwa, kila moja ikikaribia mita 3 kwa 3. Ya kwanza inakumbuka kadirili na Valentin. Ya pili inamwonyesha akicheza kwa mtindo ulioitwa wa Mashariki, na inajulikana pia kwa jina la Les Almées. Jina hilo linastahili kutuliwa kidogo. Wafaransa walilichukua kutoka Kiarabu cha Misri, ambako lilimtaja mwanamke aliyefunzwa ushairi na uimbaji. Ni la mzizi ule ule uliotupatia "elimu", "mwalimu" na "maulama". Katika safari ya kutoka Cairo hadi kibanda cha maonyesho Paris, mwanamke mjuzi alivuliwa ujuzi akabakizwa kiuno. Sidhani kwamba Weber alijua hayo. Lakini alikuwa mjuzi kwa maana ile ya kwanza: alikuwa na kazi aliyoifahamu kuliko yeyote katika jiji lake, na alitaka kuimiliki badala ya kuajiriwa nayo. Mbele ya turubai hiyo watazamaji wamechorwa wakitupa mgongo, na miongoni mwao wamo Oscar Wilde, Jane Avril, mhakiki Félix Fénéon, na mchoraji mwenyewe, mfupi, amevaa kofia. Toulouse-Lautrec amejitia katika ukuta wa weusi. Ningependa kusoma hilo kama kukiri, ingawa laweza kuwa mzaha wa msanii tu.

Kibanda hakikudumu. Weber alijaribu kufuga na kuonyesha wanyama wakali, akafilisika, akaishia katika gari la kuhamahama pembezoni mwa jiji. Filamu ya Georges Lacombe iitwayo La Zone, ya mwaka 1928, inamwonyesha huko, mzee na mnene, kamera ikimtazama kwa mara nyingine. Zile turubai zilikuwa zimepita mikononi mwa wafanyabiashara, na mwaka 1926 mmoja wao alizikata vipande vipande ili aviuze kimoja kimoja. Serikali ya Ufaransa ilivinunua mwaka 1929 vikaunganishwa upya, na leo viko katika jumba la Orsay. Louise Weber alifariki Januari mwaka huo huo wa 1929. Turubai zilipata wa kuziokoa.

Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kama njia tu bila pia kuwa lengo. Kanuni hii hutajwa mara nyingi kana kwamba inamhusu anayetenda peke yake, na kwa mizani hiyo Toulouse-Lautrec hatoki vibaya: aliwajua wanawake hawa, aliwajibu barua zao, na kibanda cha Weber alikichorea. Anayebaki na deni si yeye pekee. Kila mchapishaji aliyeuweka mguu wa La Goulue juu ya kikombe, au juu ya jalada la kitabu cha nadharia, amekuwa mtazamaji mwenye kofia ndefu. Nasi tunaoandika makala juu yake tumo ukutani humo, na tumesitirika vizuri.

Yupo hata hivyo mmoja aliyevuka. Suzanne Valadon, aliyekuwa mwanasarakasi kabla ya kuanguka akiwa bado kijana, ndiye mwanamke mwenye gauni jeupe katika picha ya Renoir ya densi ya mjini, ya mwaka 1883. Mwaka huo huo alijichora mwenyewe kwa pasteli, akiwa na miaka 18: taya ngumu, macho makavu, hakuna tabasamu. Baadaye Degas alinunua michoro yake na kumhimiza aendelee. Alichora wanawake wakioga, wakijipangusa, wakiwaogesha watoto, mwili uliochoka ukiwa umeinama juu ya beseni. Aliyecheza katika picha ya mwenzake alikuwa na kila sababu na kila ruhusa ya kuichora densi ya usiku kwa macho ya aliyekuwa ndani yake. Katika michoro yake ya miaka ya 1890 alichora beseni, taulo na kitanda, saa za mwanamke ambaye hayuko kazini.